Dawa zipo, tusife kwa aibu



Mwezi huu nataka kuanza na habari ya kijana mmoja aliyeletwa katika wodi yetu ya wanaume wakati wa mvua za masika. Mama yake ameniruhusu niandike, nami nimebadili mambo kadha ili asitambulike. Alikuwa mpasua mbao, umri wake miaka 34. Aliletwa kwa pikipiki, amebanwa katikati ya dereva na jirani, kwa sababu hakuweza tena kukaa mwenyewe. Kwa majuma matatu kichwa kilikuwa kikimuuma, shingo ilikuwa imekakamaa, na alikuwa ameanza kusema maneno yasiyoeleweka. Nyumbani walidhani ni malaria. Dawa za malaria zilipokwisha bila nafuu, wakaanza kusema amerogwa.

Vipimo vilionyesha homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi. Ugonjwa huu huwapata hasa watu ambao kinga yao ya mwili imeshuka mno. Tulimtibu kwa siku sita. Alfajiri ya siku ya saba alifariki dunia.

Nilipokuwa nikimkabidhi mama yake nguo, niliona mfuko mmoja wa koti umevimba. Ndani kulikuwa na kopo la vidonge na kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne. Kopo lilikuwa limejaa, halijafunguliwa. Tarehe ya mwisho kwenye kadi ilikuwa ya miezi tisa nyuma. Mama alivigeuza mkononi, akaniuliza, "Sista, hivi ni vya nini?" Nilinyamaza, maana siri ya mgonjwa haifi pamoja naye. Lakini yeye mwenyewe alikwisha kuelewa. Akasema, "Kumbe dawa alikuwa nazo. Mbona hakuniambia mimi mama yake? Kwani ningemfukuza?"

Muuguzi mwenzangu wa kliniki alimkumbuka. Siku ya mwisho alipochukua dawa alilalamika kwamba kambini kwao wanalala watu kumi katika kibanda kimoja, na kopo likitikiswa linapiga kelele. Aliogopa wenzake wasije wakajua. Basi akaliacha limefungwa.

Swali la mama yule limenikaa moyoni, kwa sababu niliwahi kuulizwa swali hilo hilo nyumbani kwetu mwaka 1998. Kaka yangu alirudi kutoka mjini amekonda, akalazwa chumba cha nyuma. Alikuwa na sahani yake peke yake, kikombe chake peke yake, na wageni waliambiwa ana vidonda vya tumbo. Mimi nilikuwa muuguzi mwenye miaka michache kazini. Nilijua anaumwa nini. Nilijua pia kwamba sahani ile haikumlinda mtu yeyote, kwa kuwa virusi vya UKIMWI haviambukizi kwa chakula wala kwa vyombo. Sikusema. Nilimpa dawa ya kuhara, dawa ya utando wa mdomoni na dawa ya maumivu; nyingine hatukuwa nazo. Baada ya mazishi mama yetu aliniuliza, "Mbona hukuniambia?"

Kaka yangu alikufa kwa kukosa dawa. Kijana huyu alikufa nazo mfukoni. Hiyo ndiyo sababu ya makala hii.

TULIKOTOKA

Vijana wengi wanaosoma ukurasa huu hawakuziona siku zile, hivyo nitaeleza kwa kifupi. Wagonjwa watatu wa kwanza nchini kwetu waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983. Huko watu waliuita ugonjwa huu Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiuzwa kwa magendo mpakani. Ilipofika mwaka 1986, mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kuripoti wagonjwa.

Mwaka huo huo wa 1983, katika Taasisi ya Pasteur huko Paris, Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier pamoja na wenzao walikitambua kirusi chenyewe. Kwa kazi hiyo wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Mwaka 1987 dawa ya kwanza, AZT, iliruhusiwa nchini Marekani. Lakini dawa moja peke yake haikutosha, kwa sababu virusi hujibadili upesi na kuizoea. Mwaka 1996, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Vancouver, Kanada, madaktari walieleza kwamba dawa tatu zikitumiwa pamoja hulaza virusi, na mgonjwa aliyekuwa kitandani huinuka.

Habari hizo zilitufikia, ila dawa hazikutufikia. Gharama ya mgonjwa mmoja ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Kwetu wodini tuliendelea kulaza wagonjwa wawili kitanda kimoja na wengine sakafuni. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba inaweza kuuza dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka, na bei zikaanza kushuka. Mwaka 2004 serikali yetu ilianza kutoa dawa hizo bila malipo. Mwaka 2023 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ulitangaza bei ya chini ya dola 45 kwa mtu mmoja kwa mwaka.

Wakati ule wa mwanzo mgonjwa alisubiri hadi kinga yake ishuke ndipo aanze dawa. Tangu mwaka 2016 mwongozo wa nchi yetu ni kwamba kila anayekutwa na virusi aanze dawa mapema, hata kama anajisikia mzima kabisa. Na dawa zenyewe zimebadilika. Zamani mtu alimeza vidonge vingi kwa saa tofauti, vingine vikiletea ndoto mbaya au ganzi ya miguu. Tangu mwaka 2019 watu wazima wengi hutumia kidonge kimoja tu kwa siku, kinachoitwa TLD, ambacho ndani yake zimo dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri.

VIDONGE HUFANYA NINI MWILINI

Katika damu yetu kuna chembe nyeupe zinazoitwa CD4. Hizo ni kama askari wanaotoa amri mwili upigane na magonjwa. Kirusi cha UKIMWI huingia ndani ya chembe hizo, kikazigeuza kuwa kiwanda cha kutengeneza virusi vingine. Askari wanapungua, na magonjwa nyemelezi yanapata mlango: kifua kikuu, mkanda wa jeshi, utando mweupe mdomoni, na ile homa ya uti wa mgongo niliyoitaja.

Dawa husimamisha kiwanda hicho. Virusi vikikosa kuzaliana hupungua, na chembe za CD4 huongezeka tena. Hii ndiyo maana ya neno kufubaza. Lakini virusi vingine hujificha vimelala ndani ya chembe, mahali ambapo dawa haivifikii. Ni kama magugu yenye mizizi mirefu: ukipalilia kila mara, shamba linabaki safi; ukiacha, yanarudi. Ndiyo sababu mtu akiacha dawa, virusi huamka ndani ya majuma machache, hata kama yeye bado anajisikia vizuri. Akitumia dawa kwa kurukaruka, virusi vinaweza kujenga usugu, na dawa ile ile isimsaidie tena.

Kujua kama dawa inafanya kazi, tunapima wingi wa virusi katika damu. Kipimo hiki hufanyika baada ya mtu kutumia dawa kwa miezi sita, kisha kwa vipindi atakavyoelezwa kliniki. Ndugu msomaji, kama unatumia dawa, usiridhike na kuambiwa "endelea". Uliza: "Majibu yangu ya wingi wa virusi ni mangapi?" Hayo ni majibu yako, una haki ya kuyajua.

VIRUSI VISIPOONEKANA, HAVIAMBUKIZI

Hapa naomba msome polepole, maana ndilo jambo kubwa ambalo watu wengi hawajalisikia.

Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi tisa, Kenya na Malawi zikiwemo, kwa jozi 1,763 ambazo mmoja alikuwa na virusi na mwenzake hana. Kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kwa mwenzi kwa asilimia 96. Mwaka 2016 utafiti mwingine wa huko Ulaya ulitoa taarifa juu ya jozi 888 ambazo hazikutumia kondomu, na mwenye virusi alikuwa anatumia dawa vizuri. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake. Leo Shirika la Afya Duniani linasema wazi: mtu anayemeza dawa kila siku kama alivyoelekezwa, na virusi vyake havionekani tena kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana.

Katika kliniki yetu kuna wanandoa wa namna hiyo. Mke ana virusi, mume hana. Wana watoto watatu, na wote watatu walipimwa wakakutwa hawana. Nilimwuliza yule baba siri yao ni nini. Alisema, "Sista, hakuna siri. Saa mbili usiku tukimaliza Rozari namwuliza, umekunywa? Basi." Mume huyo hupimwa kwa vipindi vyake, na mke hupima wingi wa virusi. Wanalima viazi, wanasomesha, na wanaimba kwaya.

Lakini angalieni sharti lake. Neno hili ni la yule aliyepimwa na virusi vikawa havionekani, naye anaendelea kumeza dawa. Si la aliyeanza dawa juzi, wala la anayeruka siku.

MAMA MJAMZITO NA MTOTO

Bila huduma yoyote, katika kila watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama wenye virusi, kati ya 15 na 45 huambukizwa. Kwa huduma inayotolewa leo idadi hiyo inaweza kushuka chini ya watano. Kwa hiyo mama mjamzito awahi kliniki mara tu anapojitambua, na aende na mume wake. Akikutwa na virusi, anaanza dawa mara moja na kuendelea nazo maisha yake yote. Mtoto akizaliwa hupewa dawa ya maji ya kumkinga, na akifikisha majuma manne hadi sita huchukuliwa matone ya damu kisiginoni ili apimwe.

Mama anyonyeshe. Miezi sita ya kwanza ampe mtoto maziwa yake peke yake, bila uji wala maji, kisha aendelee kunyonyesha pamoja na chakula kingine kama kliniki itakavyomwelekeza. Tafadhali, kina bibi na mama wakwe, msimlazimishe mzazi ampe kichanga uji, na msimwulize kila siku vile vidonge ni vya nini.

NAMNA ZA KUJIKINGA

Kinga ya kwanza mnaisikia kanisani: uaminifu katika ndoa, na vijana kusubiri. Siirudii kwa mazoea. Nimeona ndoa nyingi zikilindwa nayo. Lakini uaminifu unahitaji pia ukweli. Wachumba wapime pamoja kabla ya ndoa, na warudie baada ya miezi mitatu, kwa sababu maambukizi mapya huweza kuchelewa kuonekana kwenye kipimo. Pamoja na hayo, zipo kinga nyingine ambazo kila familia inapaswa kuzifahamu:

1. Kupima. Tangu mwaka 2019 sheria yetu inaruhusu mtu kujipima mwenyewe, na kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila kusubiri idhini ya mzazi. Kifaa cha kujipima huchukua majimaji ya fizi. Kikionyesha una virusi, hayo si majibu ya mwisho. Njoo kituoni uhakikishiwe kwa kipimo cha damu.

2. Tohara ya wanaume. Tafiti tatu zilizofanyika Afrika Kusini, Kenya na Uganda kati ya mwaka 2002 na 2006 zilionyesha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa kama asilimia 60. Kupunguza si kuondoa. Aliyetahiriwa bado anaweza kuambukizwa.

3. Dawa ya dharura. Aliyebakwa, au mhudumu aliyechomwa na sindano yenye damu, afike kituo cha afya ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Atapewa dawa za siku 28. Wazazi, mtoto akifanyiwa ukatili huo msipoteze siku mkifanya vikao vya ukoo. Saa zinahesabika.

4. Dawa kinga kwa asiye na virusi. Kwa mtu aliye katika hatari kubwa, kwa mfano ambaye mwenzi wake bado hajafubaza virusi, kipo kidonge cha kumeza kila siku. Siku hizi zimekuja pia sindano. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Afrika Kusini na Uganda: wasichana na wanawake vijana 2,134 walichomwa sindano ya lenakapaviri mara mbili kwa mwaka, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Julai 2025 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza sindano hiyo. Hiyo si chanjo, na kinga yake hudumu miezi sita tu. Ulizeni kituoni ni ipi inayopatikana karibu nanyi.

5. Vitu vya kukata na kuchoma. Wembe, sindano, na visu vya kuchanjia visitumiwe na watu wawili.

Mtu ataniuliza juu ya kondomu. Mafundisho ya Kanisa mnayafahamu, nami si wa kuyaeleza hapa. Kama muuguzi sitaficha jambo la kitaalamu: kondomu ikitumiwa vizuri na kila mara hupunguza sana maambukizi. Wanandoa ambao mmoja wao ana virusi na wana mashaka ya dhamiri, wazungumze na mganga na padre wao. Wasikae kimya gizani.

MASWALI MNAYOULIZA

"Nimeombewa na kujisikia nimepona. Kwa nini nisiache dawa?"
Maombi na dawa havigombani. Mimi mwenyewe huwaombea wagonjwa wangu. Lakini kujisikia vizuri ni kazi ya dawa, na kipimo kutokuona virusi si kupona. Hata kile kifaa cha fizi kinaweza kumwonyesha mtu aliye kwenye dawa kwamba hana virusi, wakati anavyo. Mwaka 2011 maelfu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kwa shilingi 500, na wapo walioacha vidonge wakiamini wamepona. Hata Bwana wetu aliwatuma wakoma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kazi yao ilikuwa kuthibitisha. Anayeamini ameponywa aje apimwe huku akiendelea na dawa. Kweli haiogopi kipimo.

"Niliacha dawa mwaka mzima. Naogopa kurudi, mtanigombeza."
Nakiri kosa letu. Miaka kadha iliyopita mimi mwenyewe nilimgombeza mama mmoja mbele ya watu kwa kuchelewa siku nne. Hakurudi kwa muda mrefu, na aliporudi alikuwa na kifua kikuu. Alipona, lakini sijasahau. Tangu siku ile aliyepotea akirudi namwambia karibu, kisha namwuliza nini kilimzuia. Rudi. Usianze mwenyewe vidonge vya zamani vilivyobaki. Njoo kwanza upimwe, uanzishwe salama.

"Nimesahau kidonge. Nifanye nini?"
Kimeze mara unapokumbuka siku ile ile. Usimeze viwili kwa pamoja kesho yake ili kufidia.

"Nafanya kazi kambini na wenzangu. Nitaficha wapi dawa?"
Weka pamba safi na kavu ndani ya kopo, halitapiga kelele. Usitoe kile kifuko kidogo cha kukaushia unyevu, wala usihamishie vidonge kwenye karatasi. Mwenye afya nzuri na virusi vilivyofubaa anaweza kupewa dawa za miezi mitatu, na wengine sita, asisafiri kila mwezi. Ukiwa mbali, beba kadi yako. Kliniki nyingine ya tiba na matunzo inaweza kukusaidia. Na mweleze mtu mmoja tu unayemwamini. Mmoja anatosha.

"Nikiwa na dawa nyingine je?"
Mweleze mhudumu dawa zako zote. Anayetibiwa kifua kikuu huongezewa kipimo cha dolutegraviri. Vidonge vya kuongeza damu na dawa za kiungulia vinaweza kuzuia dawa isiingie vizuri mwilini, hivyo utapangiwa saa zake. Mitishamba usiichanganye kimya kimya.

"Dawa zikikatizwa na wafadhili tutafanyaje?"
Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje ili iipitie upya, na wagonjwa wengi walikuja wakitetemeka. Wengine walianza kumeza kidonge leo na kuruka kesho ili vidumu. Msifanye hivyo, kwa maana nusu dozi hujenga usugu na mtaharibu dawa mliyo nayo. Hudhurieni tarehe zenu, na mambo yakibadilika mtaelezwa kliniki. Nasi wananchi tuwakumbushe viongozi wetu kwamba dawa hizi ni sehemu ya bajeti ya nchi, kama barabara na shule.

KAZI YA FAMILIA NA JUMUIYA

Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima 100 nchini, wenye virusi ni 4.4. Kwetu Nyanda za Juu Kusini mzigo ni mkubwa zaidi: Njombe 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Maana yake katika kila Jumuiya Ndogo Ndogo, katika kila kwaya, yumo mwenzetu anayemeza dawa, au anayepaswa kumeza.

Utafiti huo ulionyesha pia jambo la kututia moyo. Kati ya watu wazima 100 wanaojua kwamba wana virusi, karibu 98 wanatumia dawa, na kati ya 100 wanaotumia dawa, 94 virusi vyao vimefubaa. Yaani anayejua na kumeza, anafanikiwa. Pengo kubwa liko kwa wasiojua: karibu 17 katika kila 100. Hao ndio tunaowatafuta, na hawatajitokeza kama wakitusikia tukicheka.

Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini tujiulize pia ni nani anayemfundisha mgonjwa kuficha. Ni yule anayesema msibani, "Huyu alijitakia." Ni mama anayemkataza mwanawe kula pamoja na binamu. Ni kiongozi wa jumuiya anayeuliza kwa nini fulani ananenepa na kukonda. Mtoto wako anasikiliza maneno yote hayo. Siku atakapopata majibu yake atakumbuka ulivyosema juu ya mtoto wa jirani, naye ataamua kama akuambie au akae kimya.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja mwezi huu. Jioni moja, mkiwa mmekaa mezani wote, baba au mama aseme waziwazi mbele ya watoto: "Mtu yeyote wa nyumba hii akikutwa na virusi, atakula sahani hizi hizi, na tutamkumbusha dawa." Semeni kabla hamjajua kama yupo. Likisemwa baada ya mazishi halimsaidii mtu.

Mama wa yule kijana alisema nasi katika jumuiya yake baada ya arobaini. Hakueleza mengi. Alisema tu kwamba angependa kuwa ameulizwa, na kwamba jibu lake lingekuwa, "Karibu nyumbani, mwanangu." Juma lililofuata watu watatu wa kijiji kile walifika kliniki kupima, na mmoja aliyekuwa ameacha dawa akarudi.

Mlango uko wazi. Ukifika usiseme lolote la sababu mapokezini, ulizia tu kliniki ya tiba na matunzo, utaelekezwa.

Mungu awabariki, na awape wagonjwa wetu moyo wa kuendelea. Tuonane toleo lijalo.